Mambo ya Nyumbani: Kitabu cha Mama

Kwetu mtoto aulizapo, "Mama atapona?" huambiwa, "Nenda kacheze." Mama akisha kuzikwa, huambiwa amesafiri. Twasema twamhurumia mtoto; mimi naona mara nyingi twajihurumia wenyewe.

Wako wanawake wa Uganda waliochagua njia nyingine. Mwaka 1992 wanawake wenye virusi vya UKIMWI waliunda chama chao, kiitwacho kwa kifupi NACWOLA. Wakati ule dawa za kuuzuia ugonjwa huo hazikupatikana kwa maskini, nao walijua ya kuwa huenda wakawaacha watoto wadogo. Basi kabla miaka ya 1990 haijaisha wakaanza kukutana kwa vikundi, kutengeneza vitabu vya kumbukumbu.

Si vitabu vya chapa. Mama aliandika kwa mkono wake, akabandika picha, akachora. Asiyejua kuandika alisema, mwingine akamwandikia. Humo mtoto hukuta habari ya siku aliyozaliwa, nani aliyempa jina na kwa sababu gani, ukoo wake na majina ya babu zake, maradhi ya utoto wake, hata chakula alichokikataa. (Neno hili la chakula laonekana dogo, lakini nani mwingine atakayelikumbuka?) Tena humo imo habari ya ugonjwa wenyewe wa mama.

Hapo ndipo penye uzito. Maana kitabu hiki hakikukusudiwa kufichwa sandukuni mpaka siku ya matanga, bali mama akisome pamoja na mtoto wake. Naye mtoto akisha kujua, huuliza: Nitakaa na nani? Ada ya shule italipwa na nani? Shamba litakuwa la nani? Mama aliyeulizwa hivyo hana budi kumtafuta mlezi na kuandika wosia angali na nguvu.

Tangu mwaka 2004 dawa zilianza kutolewa bure Uganda, hata wengi waliodhani wanaandika maneno ya kuaga wakaishi kuwaona watoto wao wakikua.

Atakaye kuanza, mgonjwa au mzima, daftari la shule lamtosha. Na aanze na siku ya kuzaliwa, mtoto akiwa ameketi karibu naye. Picha na achore mtoto. Ukurasa ulio mgumu waweza kungoja juma moja au mawili.