Mwongozo wa Programu ni Sehemu ya Bidhaa, si Nyongeza

Mfanyabiashara anaponunua mzani huuliza kwanza kama umekaguliwa na kupigwa mhuri wa vipimo. Anaponunua programu ya kompyuta ya kutunza mahesabu na mali ya stoo, huuliza bei tu. Kitabu cha mwongozo hakitajwi hadi siku karani anaposhindwa kufunga hesabu za mwezi na fundi hapatikani kwa simu.

Uzembe huo una gharama, na wanahisa wa Marekani waliwahi kuilipa. Mwaka 1983 kampuni ya Coleco, iliyojulikana kwa wanasesere na michezo ya video, iliingiza sokoni kompyuta ya nyumbani iliyoitwa Adam. Katika robo ya mwisho ya mwaka huo kampuni ilipata hasara ya dola milioni 35. Miongoni mwa sababu ilizotoa ni miongozo ambayo haikumsaidia ipasavyo mtu anayetumia kompyuta kwa mara ya kwanza.

Ni kweli kwamba mashine yenyewe nayo ilikuwa na kasoro. Ilipowashwa ilitoa nguvu ya sumaku iliyoweza kufuta kanda iliyokuwa ndani. Hata hivyo, baadhi ya miongozo ya awali ilimwelekeza mteja aweke kanda kabla ya kuwasha. Aliyefuata maelekezo ndiye aliyepata hasara. Coleco iliachana na Adam mwanzoni mwa 1985.

Makosa ya namna hiyo hutokea pale mwandishi wa mwongozo anapokuwa mbali na mafundi, au anapoitwa mwishoni, fedha zikiwa zimekwisha. Mtaalamu wa Marekani, JoAnn Hackos, katika kitabu chake cha mwaka 1994 kuhusu usimamizi wa kazi hizi, alipendekeza kiasi cha asilimia 30 ya muda wote kitumike kabla ya uandishi kuanza: asilimia 10 kwa kuwafahamu watumiaji na mahitaji yao, na 20 kwa kupanga yatakayoandikwa.

Kwa duka la jumla, mpango huo si mgumu. Orodhesha watakaotumia programu: karani wa mauzo, mtunza stoo, mhasibu. Andika kazi ya kila mmoja kuanzia asubuhi hadi kufunga. Taja nani ataandika, fundi gani atahakiki, na kwa lugha gani. Kisha mpe rasimu karani ambaye hajawahi kuiona programu hiyo, afanye kazi bila kusaidiwa. Kila anapokwama, kosa ni la mwongozo.

Mpango utaje pia nani atasahihisha mambo yanapobadilika. Tanzania iliposhusha kodi ya VAT kutoka asilimia 20 hadi 18 mwaka 2009, mfano wowote wa ankara uliopigwa kwa kiwango cha zamani ulipitwa na wakati siku hiyo hiyo.

Wauzaji wa programu hudai kwamba mwongozo unapandisha bei, na kwamba mafunzo ya siku mbili yanatosha. Hoja hiyo ni dhaifu. Karani aliyefunzwa akiacha kazi huondoka na mafunzo yake, na kila ziara ya fundi ina ankara yake. Mwongozo hulipiwa mara moja, kisha marekebisho machache.

Dawa iko kwenye mkataba. Mnunuzi aandike mwongozo kama bidhaa inayokabidhiwa pamoja na programu, na azuie malipo ya mwisho hadi karani wake afaulu jaribio hilo. Mwenye hisa katika kampuni inayofunga mfumo mpya naye aulize kwenye mkutano mkuu: mwongozo umetengewa fungu gani, na nani anausimamia? Bodi isiyo na jibu imenunua mashine, lakini bado haijanunua kazi ya mashine hiyo.