Simu yangu ilisema mwanga hautoshi

Nimekuwa kimya hapa kwa wiki kadhaa, wasomaji wangu, na sababu moja ni aibu. Niliua tumbawe. Tena tumbawe lenyewe lilikuwa Minneapolis, Marekani, na mimi nilikuwa nyumbani kwetu Mogogosiek, kaunti ya Bomet, nimezungukwa na majani chai. Lililoliua ni programu niliyoiandika kwa mikono yangu.

Nianze mwanzo. Mdogo wangu anafanya kazi ya usiku huko Minneapolis. Mwaka jana alinunua tangi la lita 75, akalijaza maji ya chumvi, akaweka mawe, samaki wawili na matumbawe machache. Mtu anaweza kucheka. Sisi tumekulia huku juu, nchi ya mvua na mvua ya mawe, na bahari tuliiona mara ya kwanza kwa safari ya shule kwenda Mombasa. Lakini yeye akirudi kazini alfajiri, theluji nje, hukaa mbele ya tangi hilo nusu saa kabla ya kulala. Kwake si pambo tu.

Siku moja akanipigia: "Kaka, wewe ndiye mtu wa kompyuta. Taa hii inatosha matumbawe au nimeibiwa?"

Sasa, ukiwa na shahada ya sayansi ya kompyuta watu hudhani unajua kila kitu chenye waya, na ubaya ni kwamba wewe mwenyewe unaanza kuamini. Sikusema sijui. Nilisoma jioni mbili, nikaandika programu ndogo ya simu, nikamtumia.

Nilichosoma kilikuwa sahihi. Tumbawe ni mnyama, lakini ndani ya nyama yake kuna mwani mdogo sana usioonekana kwa macho. Mwani huo hutengeneza chakula kwa mwanga kama jani la chai linavyofanya, na sehemu kubwa ya chakula hicho humfikia mwenyeji wake. Mwanga ukipungua mno, tumbawe linakufa njaa polepole. Mwanga wa kazi hiyo una kipimo chake, nacho huitwa PAR: unahesabu chembe za mwanga zenye urefu wa mawimbi kuanzia nanomita 400 hadi 700 zinazoangukia mita moja ya mraba kwa sekunde, kwa maikromoli. Jua kali la saa sita mchana hufika karibu 2,000. Kwenye tangi, wafugaji wengi huyapa matumbawe laini na ya uyoga kati ya 50 na 100, yale magumu yenye nyama nyingi 75 hadi 150, na yale ya matawi membamba 200 na kuendelea.

Kosa langu liko hapa. Simu haina kifaa cha kupima PAR. Ina kifaa kidogo kinachopima luksi, ndicho kinachopunguza mng'ao wa kioo ukiingia gizani. Nikakuta kanuni kwamba kwa mwanga wa jua ukigawa luksi kwa 54 unapata PAR. Nikafurahi. Mstari mmoja wa programu, kazi imekwisha.

Mdogo wangu akaifunga simu ndani ya mfuko usioingiza maji, akaizamisha hadi kwenye jiwe, taa ikiwa nusu ya nguvu yake. Ikasoma luksi 3,240. Gawa kwa 54, unapata 60. Tumbawe lake la thamani, lile lenye ncha kama nyundo ndogo, nililikusudia 120. Nikamwambia, kwa sauti ya mtaalamu, "Panda hadi asilimia 100."

Baada ya siku tisa akanitumia picha. Tumbawe lilikuwa limejikunja, limepauka, na mifupa yake meupe yalikuwa yanatokeza. Kufikia mwisho wa wiki ya pili lilikuwa limekufa. Yale ya uyoga yalisinyaa lakini yakapona. Mdogo wangu hakunigombeza. Aliacha tu kupiga simu, na hilo liliniuma zaidi.

Baadaye aliazima kipimo halisi cha PAR kutoka kwa mfugaji mwenzake. Kwenye jiwe lile lile, taa ikiwa nusu, kilisoma 140. Yaani siku ile aliponiuliza, taa ilikuwa inatosha tayari. Kwa ushauri wangu ilifika 280. Kwa saa kumi kwa siku hiyo ni moli 10 hivi za mwanga, wakati nilikusudia 4.3.

Kwa nini simu ilinidanganya? Haikunidanganya. Mimi niliiuliza swali lisilo lake. Luksi na lumeni vimetengenezwa kwa ajili ya jicho la binadamu. Jicho letu huona vizuri zaidi rangi ya kijani, kwenye nanomita 555, na rangi ya buluu huiona kwa shida. Taa za matumbawe zimejaa buluu kwa makusudi, kwa sababu maji ya bahari hunyonya nyekundu mapema na buluu ndiyo hufika chini. Kwa mwanga wa jua PAR moja ni kama luksi 54, lakini kwa buluu tupu ya nanomita 450 PAR moja ni luksi 7 tu hivi. Chembe za mwanga ni zile zile, namba kwenye simu inapungua karibu mara nane. Taa ya mdogo wangu ilichanganya buluu na nyeupe, ikaangukia katikati.

Wenzangu waandishi wa programu, hili ndilo ninalotaka tulibishanie. Programu yangu haikuwa na hitilafu hata moja. Haikukwama, na kugawa iligawa sawasawa. Ilikuwa sahihi kabisa kuhusu kitu kisichohusika, na ilionyesha jibu kwa herufi kubwa za kijani kana kwamba ina uhakika. Naona programu za namna hii ni za hatari kuliko zile zinazokwama, kwa sababu zinazokwama hakuna anayezifuata.

Mama alisikia habari hii tukiwa jikoni. Mama ana kitalu cha miche ya chai nyuma ya nyumba. Akauliza swali moja tu: "Mliitoa kwenye kivuli siku moja?"

Nikasema, "Ndiyo, Mama."

Akanyamaza, akaendelea kumimina chai.

Nyote wa Kericho na Bomet mnajua alichomaanisha. Kipande cha chai hupandwa kwenye mfuko, kikafunikwa nailoni, na juu yake kivuli. Kikishika mizizi, nailoni hufunguliwa kidogo kidogo, kisha kivuli hupunguzwa kidogo kidogo, hadi mche uzoee jua. Ukifungua vyote asubuhi moja, jioni majani yameungua. Ni chai ile ile ambayo miaka yake yote mbele itakaa juani bila kudhurika. Tatizo ni ile haraka.

Tumbawe ni hivyo hivyo. Mwani ukipata mwanga mwingi ghafla kuliko unavyoweza kuutumia, hutoa aina za oksijeni zenye sumu, na tumbawe huutoa mwani huo nje. Ndipo linapauka, na njaa inaanza. Joto likiongezeka, mwani hushindwa hata mwanga uliouzoea. Ndivyo miamba ya pwani yetu ilivyopauka vibaya mwaka 1998, bahari ilipopata joto la El Niño, na tena mwaka 2016.

Kwa hiyo msimamo wangu, kwa yeyote anayechagua taa ya tangi dogo, popote alipo:

Kwanza jua una tumbawe gani, halafu ndiyo utafute taa. Usinunue kwa wati, maana wati ni umeme unaoliwa, si mwanga unaofika kwenye jiwe. Usinunue kwa lumeni. Dai ramani ya PAR ya mtengenezaji, kwa kina cha tangi lako, au azima kipimo. Ukikosa vyote, anza na theluthi moja ya nguvu ya taa, ongeza asilimia 5 kwa wiki, na uliangalie tumbawe lenyewe. Likipauka, rudi nyuma. Weka saa ya kuwasha na kuzima, isibadilike.

Na kwa walio nyumbani wanaoanza kupata hamu: msiende Kisite wala Watamu kuvunja kipande. Matumbawe yote magumu yako kwenye Orodha ya Pili ya mkataba wa CITES, na kuyavusha mpaka kunahitaji kibali. Yaacheni baharini, yana shida za kutosha.

Mdogo wangu alipiga simu Jumapili. Amenunua kichwa kimoja kipya cha tumbawe-nyundo, taa iko asilimia 20, na programu yangu ameifuta. Nami nimeifuta. Badala yake nimemwandikia nyingine inayopandisha taa kidogo kila wiki na kusimama ikiamriwa. Kabla ya kuituma nilimsomea Mama jinsi inavyofanya kazi. Alisema iende polepole zaidi, nikapunguza hadi asilimia 3.

Kama kuna aliyewahi kuamini namba ya programu yake mwenyewe hadi ikamgharimu, aniandikie. Nisiwe peke yangu.