Usimwage Duka Lote Mlangoni

Mteja wa duka lako la mtandaoni huanza kulipa kabla hajanunua kitu: analipa bando. Ndiyo maana sisi tunasema, kurundika bidhaa zote kwenye ukurasa mmoja ni kumtoza mteja kiingilio.

Hebu piga hesabu. Una viatu 400, na kila picha uliyopiga kwa simu ni MB 2. Ukurasa huo ni MB 800! Sasa punguza kila picha hadi KB 100, kisha weka viatu 20 kwa kila ukurasa. Mteja anafungua picha za MB 2 tu.

Lakini usigawe ovyo. Anayetafuta raba ya mtoto hana haja ya kupitia buti za watu wazima. Panga kwanza kwa aina, halafu saizi, halafu bei. Picha kubwa ije pale tu mteja anapobonyeza kiatu alichokipenda.

Kuna wanaopenda ukurasa usioisha, unashuka tu na bidhaa zinaongezeka. Kwetu sisi, kurasa zenye namba ni bora: mteja akikatizwa, anarudi ukurasa wa 7 bila kuanza upya, na anaweza kumtumia rafiki linki ya hapo hapo.

Kazi yetu ni malipo. Lakini mteja aliyechoka kungoja picha hafiki kwenye kitufe cha kulipa. Leo jioni fungua duka lako kwa simu ya bei nafuu, tena kwa bando lako mwenyewe. Utajionea.