Karata Uipendayo Haikushauri



Miongoni mwa maswali ya posa na ndoa yanayoletwa katika ofisi ya kamati ya msikiti wetu hapa Lushoto, limejitokeza moja ambalo miaka ya nyuma halikuwapo. Vijana wanauliza hukumu ya karata za kutazamia zilizomo katika simu. Hawaulizi kwa ukaidi. Wanasema: hatuendi kwa mganga, hatuchinji kuku mweusi, wala hatumtaji mtu kwa ubaya. Tunafungua programu, tunachagua karata moja, tunasoma maneno mazuri, basi. Ubaya wake uko wapi?

Swali hili linastahili jibu la upole, kwa kuwa anayeuliza tayari amekwisha kuingiwa na shaka, na shaka ya namna hiyo ni mlango wa kheri.

Tuanze na asili ya karata zenyewe. Karata za taroti zilijitokeza Italia katika karne ya 15, na watu walizichezea kama tunavyocheza karata barazani. Utabiri ulikuja nyuma sana. Ilikuwa Ufaransa, mwishoni mwa karne ya 18, mtu aliyejiita Etteilla alipozieneza kuwa chombo cha kusomea bahati. Seti inayoigwa zaidi leo, yenye karata 78, ilichapishwa London mwaka 1909, na picha zake zilichorwa na Pamela Colman Smith. Baada ya hapo kila mtunzi amejitungia yake: ya malaika, ya wanyama, ya maua. Kwa hiyo chombo kinachodaiwa kuijua ghaibu kilianza maisha yake kama mchezo, na maneno yaliyomo ndani yake yameandikwa na watu wasioijua ghaibu hata ya kesho yao wenyewe.

Tusidhani, hata hivyo, kwamba maradhi haya yametujia kutoka ng'ambo. Sisi watu wa milimani na jamaa zetu wa pwani tunazo karata zetu. Tunayo ramli, ambayo kwa Kiarabu maana yake ni mchanga. Mpiga ramli huweka safu nne za nukta, kila safu ikiwa na nukta moja au mbili, zikapatikana sura 16, kisha kila sura hupewa maana. Tunacho kitabu kinachonasibishwa na Abu Maashar, ambacho kwacho jina lako na la mama yako hugeuzwa hesabu, ukaambiwa nyota yako. Na nani wa rika la wazazi wetu asiyekumbuka utabiri wa nyota wa marehemu Sheikh Yahya Hussein, aliyefariki mwaka 2011, uliokuwa ukisubiriwa magazetini na redioni? Chombo hubadilika, lakini kiu ni ile ile.

Waarabu wa zama za ujahili nao walikuwa na chao. Waliandika juu ya mishale isiyo na manyoya: mmoja wa kuamrisha, mmoja wa kukataza, na mmoja mtupu. Mtu alipotaka safari, ndoa au biashara, aliuchomoa mmoja. Aliyepata mtupu alirudia mpaka apate jibu. Hiyo ndiyo azlam iliyotajwa katika Suratul Maida, aya ya 90, pamoja na ulevi na kamari, tukaamrishwa kujiepusha nayo. Atakayeiangalia kwa makini ataona kuwa karata ya simu ni mshale ule ule uliovishwa rangi.

Kisa cha Suraqa bin Malik, alichokipokea Imam Bukhari, kinatufundisha jambo kubwa. Alipomfuatia Mtume (s.a.w.) katika Hijra kwa tamaa ya zawadi ya ngamia, alitoa mishale yake akaiuliza. Likatoka jibu asilolipenda. Akalipuuza, akapanda farasi wake akaendelea. Miguu ya farasi ilipodidimia ardhini aliiuliza tena, likatoka lile lile. Tazama hali ya mwenye kuuliza: moyo wake ulikuwa umekwisha kuamua, na mishale ilitakiwa iseme "ndiyo" tu. Iliposema vingine, haikuwa na thamani tena kwake.

Hapo ndipo penye jibu la wale wanaosema hakuna anayedhurika. Binti mmoja wa huku kwetu aliletewa posa na mfanyabiashara wa mboga anayepeleka mizigo Kariakoo. Alinieleza kuwa ameshawahi kuwa na seti nne za karata katika simu yake, na ameibakisha moja. "Zile nyingine zilikuwa zinanitisha, Ustaadh. Hii ya malaika inanielewa." Nilimwuliza, "Na iwapo kesho nayo itakutisha, utafanyaje, dada?" Akacheka, akasema ataifuta. Basi mshauri wa namna gani huyu, ambaye hubakia kazini kwa sharti la kusema unachotaka kusikia?

Wakati binti akishauriana na simu, mama yake alikwenda kimyakimya kwa mpiga ramli. Akaambiwa kuwa shangazi wa binti, upande wa baba, ndiye anayeifunga nyota ya mwanawe. Shangazi yule hakualikwa tena nyumbani, na salamu zikakatika. Ilichukua wiki kadhaa, na wazee kadhaa, mpaka wakakaa mkeka mmoja. Ndipo ikajulikana kwamba shangazi, ambaye naye huuza viazi na karoti kule kule Kariakoo, alikuwa akimfahamu mposaji vizuri. Alijua ana mke na watoto Dar es Salaam, jambo ambalo mposaji hakulitaja. Alikuwa akitafuta njia ya kulisema kwa staha, akakuta mlango umefungwa.

Karata haikuyaona hayo. Ramli ndiyo kabisa: ilimfukuza mtu pekee aliyekuwa na habari. Na hiyo ni nyumba iliyopata madhara madogo. Mwezi Januari 2015 Serikali yetu ilitangaza kuwapiga marufuku waganga wapiga ramli, kufuatia mauaji ya ndugu zetu wenye ualbino. Tunaita ramli chonganishi, na jina limeafiki.

Wapo wanaojitetea kwa Hadithi ya Muawiya bin al-Hakam as-Sulami iliyomo katika Sahih Muslim, ambamo Mtume (s.a.w.) aliulizwa kuhusu wachora mistari, akataja kuwa alikuwapo Nabii aliyekuwa akichora, na atakayeafikiana na mchoro wake ni sawa. Wanazuoni, akiwemo Imam Nawawi, wamebainisha kuwa maana yake ni kuufunga mlango. Hakuna leo mwenye njia ya kujua kwa yakini kwamba ameafikiana na Nabii yule, basi hakuna ruhusa. Tena mwanzoni mwa Hadithi hiyo hiyo umo ukatazo wa kuwaendea makuhani.

Je, Uislamu unatuacha gizani? Hasha. Fatima bint Qays (r.a.) alipoposwa na Muawiya na Abu Jahm, alimwendea Mtume (s.a.w.) kutaka ushauri. Huyu ni mtu ambaye wahyi unamteremkia. Hata hivyo, hakumsomea bahati. Alimpa habari za watu: huyu hana mali, na yule ni mkali kwa wanawake. Kisha akamshauri aolewe na Usama bin Zaid. Huo ndio utaratibu wa Mtume katika posa: tabia, hali na ushahidi wa wanaomjua mtu.

Baada ya kuulizia na kushauriana ndipo inapokuja istikhara. Jabir bin Abdillah (r.a.) amesimulia kuwa Mtume (s.a.w.) aliwafundisha istikhara katika mambo yote kama alivyowafundisha sura ya Qur'ani. Ni rakaa mbili na dua. Katika dua ile mja anakiri kuwa Allah anajua naye hajui. Anaomba jambo likiwa na kheri katika dini yake, maisha yake na mwisho wake, awepesishiwe, na likiwa na shari, liepushwe naye, naye aepushwe nalo, kisha aridhishwe na kilichokadiriwa. Haimo ahadi ya ndoto, wala rangi ya kijani usingizini. Mwenye kupiga ramli anataka kuambiwa yajayo. Mwenye kuswali istikhara anaomba msaada katika asiyoyajua, kisha anafanya uamuzi na kuubeba yeye mwenyewe.

Na hapa sisi watu wa msikitini tujitazame. Wapo wanaofika wakisema, "Katibu, nifungulie Msahafu nione aya gani itatoka." Wapo wanaomlipa sheikh awaswalie istikhara, kisha wakimwona hakuota vizuri, wanakwenda kwa mwingine. Ndugu zangu, hiyo ni kuchagua karata uipendayo, isipokuwa safari hii karata imevaa kanzu. Kitabu cha Allah kimeteremshwa kisomwe na kifuatwe. Tusikifanye mshale wa kuchomolewa.

Kwa hiyo, wazazi: posa inapokuja, tumeni mtu mwenye akili aende anakokaa mposaji, awaulize jirani zake, imamu wa msikiti wake na anaofanya nao biashara. Nauli ya kushuka Mombo na kupanda basi ni ndogo kuliko gharama ya talaka. Msikubali jina la ndugu yenu litajwe na mtu asiyemjua, akiwa amekaa mbele ya mchanga. Nanyi vijana: ifuteni programu ile, leteni tauba, kisha mwendeeni yule jamaa ambaye mnaogopa atasema hapana. Huenda huyo ndiye mwenye habari.

Allah atupe busara katika majumba yetu na aziunganishe nyoyo zilizochonganishwa. Amin.

Wallahu a'lam.