Kabla Hujamlipa Fundi wa Boila, Piga Hesabu Hii

Ndugu zangu wa London, baridi ina namna yake ya kula hela. Ukifika mwezi wa pili ukakaa chini kupiga hesabu, unakuta ile ya kutuma nyumbani imepungua na hujui imeenda wapi. Mimi kazi yangu ni mahesabu, na maoni yangu ni haya: hela nyingi zinazopotelea kwenye joto la nyumba hazipotei kwa sababu boila imekufa. Zinapotea kwa sababu hatukuangalia vitu vidogo, au tumelipia matengenezo yasiyo yetu.

Tuanze na namba. Boila ikigoma, wengi wetu tunakimbilia kununua hita ya umeme. Hita ya kilowati 2 ikiwaka mfululizo saa 5 kila usiku inakula yuniti 10. Kwa siku 30, ni yuniti 300. Tuchukulie yuniti moja ni peni 25, hapo umeshatumia pauni 75, na ni chumba kimoja tu! Na hapa yuniti ya umeme ni ghali zaidi ya mara tatu ya yuniti ya gesi. Hizo pauni 75 ni ada ya mtoto, ni unga, ni dawa za mama.

Kwa hiyo kabla hujatoa hata senti, angalia haya:

1. Mita. Kama mnalipia kabla ya kutumia, hakikisha salio la gesi lipo, na la umeme pia. Boila ya gesi haiwaki bila umeme.

2. Saa na thamostati. Mwishoni mwa Oktoba saa hurudishwa nyuma, na saa ya boila inaweza kubaki ya zamani. Thamostati ya ukutani nyingi zinatumia betri, na betri zikiisha nyumba nzima inapoa.

3. Presha. Angalia geji ya boila ikiwa imepoa. Boila nyingi za nyumbani zinataka kati ya 1 na 1.5. Ikishuka chini sana, nyingi hujizima. Kuna koki ndogo za kuongezea maji, mara nyingi chini ya boila. Muulize mwenye nyumba akuonyeshe, fungua taratibu, na ukifika kiwango funga kabisa. Kama presha inashuka kila wiki, kuna mahali panavuja, na hiyo si kazi yako.

4. Rediata ya moto chini, baridi juu. Hiyo ina hewa ndani. Zima, iache ipoe, shika kitambaa, zungusha kidogo ule ufunguo mdogo wa rediata mpaka hewa iache kulia na maji yaanze kudondoka, kisha funga. Rudi uangalie presha. Ikiwa baridi ni ya chini, ni uchafu umejaa ndani, mwachie mwenye nyumba.

5. Bomba kuganda. Asubuhi ya barafu kali, lile bomba la plastiki la kutolea maji ya boila nje linaweza kuganda na boila ikajizima. Kama unalifikia ukiwa umesimama chini, limwagie maji ya vuguvugu, sio ya kuchemka. Usipande ngazi kwa ajili yake.

Mwisho wako ni hapo. Usifungue mfuniko wa boila, hata kama saiti wewe ndiye fundi bomba bora. Kazi ya gesi ni ya fundi aliyesajiliwa na Gas Safe, na ana kitambulisho, kiombe. Ukiona moto wa njano badala ya bluu, masizi ukutani, au mnaumwa kichwa wote mkiwa ndani na nafuu mkitoka nje, zimeni, fungueni madirisha, tokeni, pigeni 0800 111 999. Na jiko la mkaa lisiingie ndani hata siku moja. Hewa yake yenye sumu haina harufu, inaua watu usingizini.

Sasa nani analipa? Kwa wapangaji wengi wa hapa, sheria ya mwaka 1985, kifungu cha 11, inamtaka mwenye nyumba atunze mfumo wa joto na wa maji ya moto. Ukaguzi wa gesi wa kila mwaka ni juu yake, na nakala ya cheti unapaswa kupewa. Tangu tarehe 1 Oktoba 2022 anatakiwa pia aweke kengele ya hewa ya sumu kwenye chumba chenye boila ya gesi. Kama unaishi na mwenye nyumba humohumo, au kwa mwajiri, kifungu cha 11 huenda kisikuhusu, lakini usikubali kukatwa hela ya fundi bila kuuliza Citizens Advice. Ushauri wao ni bure.

Najua wengine watasema, "Bora nilipe tu, nisigombane na mwenye nyumba." Naielewa hofu hiyo, hasa kwa mgeni. Lakini kutoa taarifa sio ugomvi. Andika ujumbe wa WhatsApp kwa upole, wenye picha ya geji na tarehe, na uutunze. Asipojibu, kumbusha kwa maandishi, kisha peleka kwa halmashauri ya eneo lako. Kitu kimoja nakukataza: usikate kodi mwenyewe. Deni la kodi linaweza kukutoa kwenye nyumba wakati haki ilikuwa yako.

Kwa hiyo leo, kabla baridi haijakaza, washa boila dakika kumi, soma geji, bonyeza kitufe cha kengele uone kama inalia. Kama kuna kasoro, tuma ujumbe usiku huuhuu. Fundi akiitwa mapema na anayepaswa kumlipa, hela yako inaenda ulikoikusudia.