Chumvi, Mshahara na Hadithi Tamu

Etimolojia inapoguswa darasani, aghalabu hakosekani mwanafunzi wa kusimulia kwamba askari wa Roma ya kale walilipwa kwa chumvi, na kwamba huko ndiko lilikochimbuka neno la Kiingereza "salary". Hadithi hiyo ni tamu. Kasoro yake ni kwamba hakuna mwandishi wa enzi hizo aliyeacha ushahidi kuwa askari walipimiwa chumvi badala ya fedha.

Nasaba ya umbo haina utata. Nomino ya Kilatini "sal", yaani chumvi, ilizaa kivumishi "salarius", nacho kikazaa "salarium", posho au malipo. Neno likapitia Kifaransa cha Wanormani, likaingia katika Kiingereza mnamo karne ya 14. Kiungo cha maana ndicho kilichokatika. Pliny Mkubwa, aliyefariki mwaka 79, aliyahusisha malipo hayo na chumvi bila kufafanua yalihusianaje. Wapo wanaokisia kuwa ilikuwa posho ya kununulia chumvi. Hilo ni kisio, hata likichapishwa katika kamusi. Askari wa kawaida wa jeshi la Augustus alipata dinari 225 kwa mwaka, na ujira huo uliitwa "stipendium".

Neno "mshahara" halina fumbo la aina hiyo. Shina lake ni "shahr" ya Kiarabu, mwezi, na mwajiriwa yeyote aujuaye mwisho wa mwezi anauona uhusiano huo.

Wapenzi wa Kiswahili nao wana chumvi yao. Hudaiwa kuwa jina la lugha hii latokana na "siwa hili", ilhali "sawahil" ni wingi wa "sahil", pwani, na Ibn Battuta, aliyezuru Mombasa na Kilwa mwaka 1331, aliitaja nchi ya Sawahil. Watetezi wa "siwa hili" wanahofia kwamba kukubali asili ya Kiarabu ya jina ni kuikabidhi lugha nzima kwa Waarabu. Hofu hiyo haina msingi: jina ni jina tu, na ngeli na mfumo wa vitenzi vya Kiswahili ni vya Kibantu kindakindaki.

Mwanafunzi anayeisimulia hadithi ya chumvi leo atakuwa mwalimu wa sekondari baada ya miaka michache. Siku atakapoandika "siwa hili" ubaoni, darasa zima litanakili.