Ukucha Upimwe Kwanza, Dawa Baadaye

Ukucha ukigeuka njano, ukanenepa na kuanza kumeguka, wengi wetu huamua papo hapo kwamba ni fangasi na kukimbilia duka la dawa. Uamuzi huo ni wa haraka mno. Fangasi husababisha takriban nusu tu ya kucha zilizoharibika. Nyingine zina ugonjwa wa ngozi uitwao soriasisi, zimeumizwa na viatu vya kubana, au zina tatizo jingine ambalo dawa ya fangasi hailigusi. Hata mdudu wa kidole, anayevimbisha na kutunga usaha pembeni mwa ukucha, mara nyingi huletwa na bakteria, na usaha ule hutakiwa kutolewa na mhudumu wa afya. Mama lishe na dobi, ambao mikono yao hushinda majini, hupata uvimbe sugu usiopona mpaka ngozi ikingwe na maji.

Wapo watakaosema kipimo ni gharama. Lakini kipimo cha awali ni unga uliokwanguliwa kwenye ukucha, tone la potasiamu haidroksaidi na hadubini. Terbinafini, dawa ya fangasi, ya kutibu kucha za miguu humezwa kwa takriban wiki 12, na inaweza kudhuru ini. Ukucha wa kidole gumba cha mguu nao huchukua mwaka hadi mwaka na nusu kuota upya, hivyo aliyekosea dawa huchelewa sana kugundua kosa. Kupima ndiko kubana matumizi.

Wengine husema mstari mweusi kwenye ukucha ni kawaida kwetu Waafrika. Ni kweli, hasa ukionekana kwenye kucha kadhaa bila kubadilika. Lakini mstari ulio kwenye ukucha mmoja, unaozidi kupanuka au kusambaa hadi kwenye ngozi, huenda ukawa melanoma, saratani ambayo kwa watu weusi hupenda nyayo, viganja na chini ya kucha. Bob Marley alikutwa nayo chini ya ukucha wa mguu mwaka 1977. Akafariki 1981, akiwa na miaka 36.

Kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi cha hospitali ya KCMC, Moshi, kimefundisha wataalamu tangu miaka ya 1990. Ujuzi huo ufike zahanati, na muuza dawa awe wa kwanza kumwambia mteja: kapime.